Kondoo wa Esnah, Masika ya 1971

Jumatatu, 1 Machi 1971

Mvua imeanza. Nimesogeza kiti mbali na dirisha linalovuja na kufungua daftari la mahudhurio la darasa la sita, lililobaki tupu mwaka niliostaafu. Lina mistari ya majina. Nitaandika juu ya mistari hiyo hivyo hivyo.

Daktari wa mjini aliniruhusu kurudi nyumbani kwa sauti ya upole kupita kiasi. Kitu kilichomo kooni mwangu hakikatiki. Uji unapita, kiazi hakipiti. Alisema huenda nikauona mwisho wa mvua hizi.

Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyoifundisha hapa Gesima miaka thelathini. Kwa Ekegusii, lugha ya mama yangu, najua mno namna ya kujitetea.

Kuna jambo ambalo lazima nimwambie dada yangu Nyamoita kwa mdomo wangu kabla sijafa. Anaishi Ogembo. Hasomi, na barua yangu ingesomwa na mkwe wake kwa sauti mbele ya watu. Tena aliapa hatakanyaga mji huu, boma la baba yetu, na ametimiza kiapo chake. Mimi siwezi kutembea hata kufika kituo cha majani chai. Ndivyo tulivyo.

Jumatano, 3 Machi

Bonareri, jirani yangu mjane, ndiye huniletea uji asubuhi na jioni. Leo aliuweka mezani, akachungulia zizini kupitia dirisha.

"Mwalimu, kondoo wa Esnah ana mimba."

"Umejuaje?"

"Nimemtazama."

"Umetazama nini?"

"Nimemtazama kondoo! Wewe ulitaka nitazame nini, ubao?"

Esnah ni marehemu mke wangu. Alifariki Agosti iliyopita, akaniachia kondoo jike mmoja mwekundu mwenye mkia mnene. Wengine tuliwauza kwa ajili ya hospitali yake, na mwanangu aliye Nairobi anataka nimuuze na huyu ili nisisumbuke. Sijamjibu. Huyu kondoo ndiye mtu wa pili katika mji huu.

Nilitoka kumtazama. Niliona kondoo.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua.

Jumamosi, 6 Machi

Sabato. Sikuweza kwenda kanisani. Nyimbo zilisikika kutoka ng'ambo ya bonde, na nilijikuta nikiitafuta sauti ya Esnah kati ya sauti za kina mama.

Jumapili, 7 Machi

Nimepiga hesabu. Nilipolazwa mwaka jana, kuanzia tarehe tano Novemba hadi katikati ya Desemba, kondoo alikaa kwa jirani mwingine, Angwenyi, pamoja na dume lake. Kondoo hubeba mimba miezi mitano kasoro siku chache. Kama alipandwa siku ya kwanza, atazaa mwanzoni mwa Aprili. Kama ni siku ya mwisho, atazaa katikati ya Mei. Kama hakupandwa, hatazaa. Hiyo ndiyo elimu yangu yote juu ya jambo hili.

Jumanne, 9 Machi

Gulled amepita. Ni Msomali mwenye bucha Ogembo, na kila wiki mbili huzunguka huku milimani kununua kondoo na mbuzi. Aliingia zizini bila kuniuliza, akapiga magoti nyuma ya kondoo, akamkumbatia tumbo kama mtu anayepima gunia.

"Mwalimu, huyu mimi sinunui."

"Sikusema nauza."

"Hata ukiuza. Mimi nachinja, lakini mama na mtoto pamoja, hapana. Njoo. Leta mkono."

Aliuweka mkono wangu chini ya tumbo, upande wa kulia, mbele kidogo ya kiwele.

"Upande wa kushoto ni majani tu, itakudanganya. Hapa. Sukuma juu pole pole, halafu ngoja. Usiwe na haraka ya mwalimu."

Nilisukuma, nikangoja. Hakuna kitu.

"Ameshiba sasa. Fanya asubuhi, kabla ya kula. Kitu kigumu kitaenda, kitarudi, kitakugonga. Ukigongwa, huyo ni mtoto."

Nilimuuliza kama anamfahamu Nyamoita, mama anayeuza ndizi Ogembo. Alicheka. "Mama Nyamoita? Anakaa mbele ya bucha yangu. Anawatukana wateja wangu wakikanyaga ndizi zake."

Nilimwomba amwambie kwamba kaka yake anataka kumpa kondoo mwenye mimba, na kwamba aje amchukue mwenyewe. Sikumwambia kwamba naumwa. Nilijua, hata nikisema maneno hayo, kwamba nilikuwa namtega.

Jumatano, 10 Machi

Asubuhi, kabla ya kula. Hakuna kitu.

Alhamisi, 11 Machi

Hakuna.

Ijumaa, 12 Machi

Nimegongwa.

Nilisukuma juu, nikangoja, na kitu kikaja kutoka ndani kikagonga vidole vyangu, kigumu kama goti la mtoto. Nilibaki nimeinama pale mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na Bonareri akanikuta hivyo na kunivuta kwa kwapa.

"Sasa umejua?"

"Nimejua."

"Siku tisa kujua nililokwambia Jumatano ya juzi. Na watoto wetu tulikuletea wewe uwafundishe."

Jumanne, 23 Machi

Gulled amerudi na jibu. Alilitoa akiwa amesimama mlangoni, na alijitahidi kulitoa kama alivyopewa.

"Mama anasema hivi: 'Mwambie Onchiri namshukuru. Yeye hakunikosea hata siku moja. Lakini baba yake alinifungia lango lile nikiwa na mimba, na mimi sitaingia humo kuchukua mnyama mwenye mimba. Ampe mwingine.' Halafu akasema uli­msindikiza siku ile. Anasema ulimpa ndizi mbivu njiani. Alisema hiyo ndizi mara mbili."

Nilimwambia Gulled asante. 

Jumapili, 28 Machi

Mvua usiku na mchana. Uji nusu kikombe.

Alhamisi, 1 Aprili

Hesabu yangu ya kwanza ilimalizika leo. Kondoo ametafuna nyasi na kunitazama.

Bonareri anasema bado, kwa kuwa kiwele ni kidogo. Anasema kiwele kitakuja chenyewe, kwanza kama ngumi ya mtoto, halafu kama ngumi ya mtu mzima, halafu kitang'aa. Niache kuhesabu siku, nihesabu kiwele.

Jumamosi, 10 Aprili

Sabato. Mchungaji amekuja na wazee wawili wa kanisa. Waliomba, wakaniuliza kama kuna lolote moyoni. Nikasema hakuna. Walikuwa na viatu vyenye tope na walikuwa na haraka ya kwenda kwa mgonjwa mwingine kabla ya mvua. Nilisema hakuna, nikawashukuru.

Jumanne, 13 Aprili

Nimeamka na nguvu kidogo. Nitaliandika leo.

Mwaka 1929 nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu mpya wa misheni, na nilitaka kumwoa Esnah. Kwetu, ng'ombe ambao mwanamume huolea hutoka kwa dada yake aliyefungamana naye. Dada akiolewa, mahari yake huja kwa kaka, na kaka huenda nayo kuoa. Mimi nilikuwa na Nyamoita. Aliolewa Ogembo akiwa na miaka kumi na minane, na ng'ombe kumi wakaja kwetu. Niliwachunga mwenyewe miezi saba, mwalimu mwenye viatu, kwa furaha niliyokuwa nayo.

Juma moja kabla ya ng'ombe hao kupelekwa kwa baba yake Esnah, Nyamoita alikuja akilia. Mume wake alikuwa akimpiga. Alitembea siku mbili katika mvua ya Aprili, na alikuwa na mimba. Kama angebaki, wakwe wangekuja kudai ng'ombe wao, na Esnah angepewa mtu mwingine. Baba yake hakuwa mtu wa kungoja.

Nilimkuta Nyamoita langoni, kabla hajaonana na baba. Nikamwambia angoje pale, nikaingia ndani. Baba yetu, Mzee Onsongo, alikuwa anaota moto. Nikamweleza. Alisema, "Mwashieni moto. Akae. Ng'ombe wana miguu, watarudi walikotoka." Nikamkumbusha kuhusu Esnah. Akasema tena, "Akae."

Nilitoka mpaka langoni nikamwambia Nyamoita, "Baba amekataa. Anasema urudi kwa mume wako."

Hakubishana. Alisema tu kwamba tumbo limeshuka, na mtoto yuko karibu. Nikamwambia bado. Nilikuwa na kalenda ya misheni na nilikuwa nimehesabu tangu siku ya arusi. "Bado miezi miwili," nilimwambia, kwa sauti ile ile ambayo baadaye niliwafundishia watoto wa watu hesabu. Lakini nilikuwa nimeona. Kifuani nguo yake ilikuwa na madoa mawili ya maziwa. Alikuwa akitembea na mkono kiunoni, na kila baada ya hatua chache alisimama na kutazama chini. Hata mtu ambaye hajawahi kumwona mjamzito angejua. Nilijua, na nikamsindikiza mpaka ng'ambo ya kilima, nikampa ndizi moja mbivu niliyokuwa nayo mfukoni, nikarudi.

Kwa baba nikasema ameondoka mwenyewe, amekataa kukaa kwake.

Alizaa kabla ya kufika, karibu na Kiogoro, katika migomba ya watu asiowajua. Mtoto alikuwa wa kike. Aliishi siku mbili.

Baada ya majuma matatu nilimwoa Esnah. Alikuwa mke mwema. Hakujua.

Baba alifariki 1936. Alipokuwa anaumwa alimwita Nyamoita, na Nyamoita akajibu kwamba hana baba. Hakuja kumzika wala hakumlilia. Baba aliniuliza, mimi niliyekuwa nimemshika kichwa, "Nilimkosea nini mtoto huyu?" Nikamwambia anywe maji.

Jumatano, 14 Aprili

Nilidhani nikiandika nitapata nafuu. Sikupata.

Jumanne, 20 Aprili

Gulled amekuja. Alishangaa kuona mifupa yangu ya usoni, lakini kwa adabu yake alimtazama kondoo.

"Kiwele kinakuja," alisema. "Wewe je?"

"Mimi naenda."

Alikaa kwenye kigoda. Nikamwambia, "Mwambie dada yangu kwamba habari ya kumpa kondoo ilikuwa ujanja wangu. Nakufa. Kuna neno la baba yetu alilosema siku ile langoni, ambalo Nyamoita hakulisikia. Ninalo mimi. Haliwezi kupita kwa mtu mwingine."

"Si unipe tu, mwalimu? Mimi nabeba maneno ya watu kila siku."

"Hili hapana."

"Sawa," alisema. "Nitamwambia pia unalala na mkono kwenye tumbo la kondoo kama mzee aliyechanganyikiwa. Labda atakuja kwa hiyo."

Jumapili, 25 Aprili

Kiwele ni ngumi ya mtoto.

Ijumaa, 30 Aprili

Ngumi ya mtu mzima. Mvua ya mawe imeharibu chai ya Angwenyi. Bonareri sasa ananilisha kwa kijiko na hanitanii tena. Ningependa anitanie.

Jumapili, 2 Mei

Siku kumi na mbili tangu Gulled aondoke. Kila basi linaloguna kwenye mteremko wa Keroka nalisikiliza mpaka linyamaze. Siku hizi namwona Bonareri kwa namna nyingine. Zamani nilimhesabu kama mama asiyesoma anayesema sana. Ameniletea uji mara mbili kwa siku tangu Agosti, na sijawahi kumuuliza mume wake alikufa kwa nini. Leo nilimuuliza. Alikaa mpaka mvua ilipokatika, akinieleza.

Jumanne, 4 Mei

Nimerekebisha hesabu yangu. Nadhani ni tarehe kumi na tatu. Kiwele kimejaa lakini bado anakula.

Alhamisi, 6 Mei

Nitaandika polepole.

Asubuhi kulikuwa na jua. Nilitaka kumtoa kondoo nimfunge kwenye nyasi karibu na kijito, kama kawaida. Nilikuwa nimeshika kamba, nikimvuta, na yeye hataki, anaparua ardhi kwa mguu wa mbele, anazunguka, analala, anainuka. Nikamvuta tena.

"Onchiri! Muache!"

Nyamoita alikuwa amesimama nje ya lango na furushi la nguo mkononi. Ana miaka sitini. Amenenepa, na meno ya mbele yameondoka. Nilimjua kabla hajamaliza kuita.

"Unampeleka wapi?"

"Kwenye malisho."

"Huyo anazaa leo. Usimtembeze."

"Bado juma zima," nikasema.

Nililisikia neno lile likitoka kinywani mwangu, kwa sauti ile ile. Yeye hakulisikia, alikuwa akimtazama kondoo.

"Juma gani? Unahesabu nini wewe? Tazama mbele ya nyonga zake, pamezama, mkono unaingia. Tazama mzizi wa mkia, umelegea. Chuchu zimejaa mpaka zimetazama pembeni. Na huo ute unaoning'inia nyuma hujauona? Mungu wangu, walimu!"

Kondoo alilala, akanyoosha shingo, akasukuma. Kwato moja ikatokea, moja tu.

Nyamoita alitupa furushi lake, akafungua lango, akaingia. Aliingia akikimbia, na nadhani alikuwa tayari katikati ya ua alipotambua amekanyaga wapi, kwa sababu alisimama. Kisha kondoo akalia, naye Nyamoita akaja.

Aliosha mikono kwa maji ya ndoo. Mguu mmoja wa mwana-kondoo ulikuwa umekunjwa nyuma. Alirudisha kichwa ndani kwa kiganja, akatafuta ule mguu, akaunyoosha, akangoja kondoo asukume, akavuta kuelekea chini. Mimi nilishika kichwa cha kondoo. Mwana-kondoo akaanguka, akiwa wa manjano, akitoa mvuke. Nyamoita alimsafisha pua kwa majani, akamweka mbele ya mama yake, na mama akaanza kumlamba.

"Jike," alisema. Alikuwa anatabasamu. Nilijua sitapata saa nyingine, na kwamba nitaliondoa tabasamu lile.

"Nyamoita, baba hakukukataa."

Aliendelea kupangusa mikono kwa nyasi.

"Siku ile. Nilikuambia amekataa. Alisema, 'Mwashieni moto. Akae.' Ni mimi niliyekukataa. Niliwataka ng'ombe."

Alipangusa kidole kimoja kimoja.

"Alisema akae?"

"Alisema mara mbili."

"Na ng'ombe?"

"Alisema wana miguu, watarudi walikotoka."

"Huyo ni baba," alisema. "Ndivyo alivyokuwa akisema." Kisha akasema, "Nilikuambia tumbo limeshuka."

"Ulisema."

"Ukaona?"

"Niliona maziwa kwenye nguo yako."

Alichuma nyasi nyingine. Hakupiga kelele. "Ile ndizi," alisema, "nimewasimulia watoto wangu wote. Wajukuu pia. Nikiwaambia, mjomba wenu ndiye pekee aliyenihurumia." Akaangusha nyasi. "Na alipokuwa anaumwa, akaniita. Nilisema nini?"

"Kwamba huna baba."

"Alilisikia hilo?"

"Alilisikia."

Aliinuka kwa kushika nguzo ya zizi. Hakuniuliza kaburi liko wapi. Alipita nyuma ya nyumba, na nikadhani ameondoka kwa njia ya chini. Ndipo nikasikia kilio.

Kilikuwa kile kilio cha binti anayefika kwao na kukuta baba amekufa, amelala ndani, kile ambacho kina mama hukianza langoni na kinasikika mpaka kilima cha pili. Alimwita baba kwa majina yake yote. Alimwambia, "Nimekuja, nimechelewa njiani, mvua ilikuwa nyingi." Alimwambia, "Nilikuwa na mtoto wa kukuletea."

Watu wakaanza kuja. Niliwaona wakikatiza mashamba, wengine na vikapu vya chai mgongoni. Bonareri alikuwa mbele, leso amejifunga kiunoni, anakimbia na kulia, "Mwalimu wetu! Mwalimu wetu ameenda!" Akapinda kona ya zizi, akanikuta nimekaa kwenye kigoda.

Alisimama, mdomo wazi.

"Mwalimu! Si umekufa?"

"Bado."

"Basi nani amekufa?"

Wote walikuwa wamesimama nyuma yake wakihema. Nikasema, "Baba yetu. Mzee Onsongo."

Walitazamana. Vijana kati yao hawakuwahi kumjua. Lakini Mong'ina, ambaye ni mkubwa kuliko mimi na aliyepika siku ya mazishi yale, alisikiliza sauti iliyotoka nyuma ya nyumba. "Ni Nyamoita huyo," alisema. "Amekuja kumlilia baba yake." Akateremsha kikapu, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia naye, akimfuata. Bonareri akafuata. Kisha wote.

Walilia mpaka mvua ikaanza na wakaendelea. Nilikaa zizini na kondoo. Hakuna aliyerudi kuniuliza kitu.

Ijumaa, 7 Mei

Nyamoita alilala kwa Bonareri. Asubuhi aliingia zizini, akahakikisha mwana-kondoo ananyonya, akachukua kigoda changu, akaenda kukaa nacho kaburini. Hajanisemesha. Hajaondoka pia.